Hivi kwa nini kila kitu cha chuo kinaangukia wiki zile zile za mwisho wa semesta?

#1 DadaPembetatu (mleta mada)
Habari wakuu. Naomba hili tulijadili kwa uzito wake maana naona watu wanalichukulia poa. Semesta inaanza, wiki za mwanzo unaingia darasani unatoka, unalala mchana, mnapiga stori kwenye korido mpaka saa nane usiku, hakuna anayekudai kitu. Ghafla wiki ya saba ya nane hivi mambo yanaanza kumiminika, testi ya kwanza, asaimenti, prezentesheni ya grupu, ripoti ya maabara, na kabla hujapumua testi za pili hizi hapa na mitihani yenyewe iko mlangoni. Sawa, chuo ni kusoma. Kinachonishangaza ni kwamba na mambo ya watu nayo yanasubiri wiki hizo hizo! Uchaguzi wa viongozi wa wanafunzi, fainali za michezo, besdei, sherehe ya kuwaaga wa mwaka wa mwisho, na mahusiano yanavunjika wiki hizo hizo, mtu analia chumbani na kesho saa tatu asubuhi ana pepa. Dai langu ni kwamba huu sio uvivu wa wanafunzi. Ratiba imekaa vibaya na hakuna mtu anayeiona yote zaidi ya mwanafunzi mwenyewe. Karibuni.

#2 KitiChaNyuma
Besdei nayo umeiweka kwenye kesi dada? Mtu kazaliwa siku yake, semesta ndo imemkuta. Mengine naunga mkono hoja.

#3 MsuliWaAlfajiri
Napinga. Ni sisi wenyewe. Muhtasari wa kozi unapewa wiki ya kwanza, tarehe za testi zimo, asilimia za koziweki (testi na asaimenti za ndani ya semesta) zimo, nani anaufungua tena? Unakaa mwezi mzima hujagusa daftari alafu wiki ya nane unasema mambo yamemiminika, wakati yalitangazwa miezi miwili kabla. Kuna Mwingereza anaitwa Parkinson aliandika mwaka 1955 kwamba kazi hutanuka mpaka ijaze muda uliotengewa. Asaimenti ukipewa wiki sita utaimaliza wiki ya sita, ukipewa siku tatu utaimaliza siku ya tatu. Ratiba haina kosa hapo.

#4 BintTakwimu
@MsuliWaAlfajiri Parkinson alikuwa anazungumzia ofisi za serikali na jinsi zinavyoongeza watu hata kazi isipoongezeka, wanafunzi hakuwataja kwenye hoja yake. Wa kutuhusu zaidi ni Buehler, Griffin na Ross, utafiti wao ulitoka 1994. Waliwachukua wanafunzi wa saikolojia huko Kanada waliokuwa wanamalizia tasnifu, wakawauliza utamaliza baada ya siku ngapi. Wastani wa majibu ulikuwa siku 33.9. Wakauliza tena, je kila kitu kikienda mrama? Siku 48.6. Walipomaliza kweli, wastani ukawa siku 55.5. Yani hata hesabu ya mabaya yote bado ilipungua, na hao ni watu wa mwaka wa mwisho wanaoijua kazi yao. Kwaiyo kumwita mtu mvivu hakuelezi kitu, kichwa cha binadamu kinakadiria muda vibaya hata mwenye nacho akiwa na bidii.

Alafu fanyeni hesabu ndogo na mimi. Chukua kozi sita, kila moja testi mbili na asaimenti moja, jumla vitu 18. Semesta wiki 15. Wiki nne za mwanzo hakuna cha kutungia mtihani maana hamjafundishwa, wiki mbili za mwisho ni mitihani. Zinabaki wiki tisa, yani vitu viwili kila wiki, hapo ni kama vimesambazwa sawasawa. Lakini havisambazwi, kila mwalimu peke yake akitafuta wiki nzuri ya testi anaangukia katikati na karibu na mwisho. Wote sita wana akili sawa, wanachagua wiki sawa.

#5 MsuliWaAlfajiri
Hesabu nimeikubali. Ila hao wa Kanada wote walichelewa au kuna waliowahi? Mana wastani unaficha watu.

#6 BintTakwimu
Waliomaliza ndani ya siku walizozitaja wenyewe walikuwa karibu asilimia 30. Hao ndo ndugu zako mkuu 😀

#7 TabibuMtarajiwa
Sisi wa udaktari tunasoma kwa bloku, unamaliza somo moja unafanyiwa mtihani wake, unahamia lingine. Ukisikia hivyo utadhani tumepona. Hapana, kila bloku ina mwisho wake kwaiyo sisi tuna "mwisho wa semesta" mara nyingi ndani ya mwaka. Usingizi ndo unaokufa kwanza. Na hapa niwaombe wakuu, acheni kusifia kukesha. Kuna utafiti wa Dawson na Reid wa 1997, mtu akikaa macho masaa 24 uwezo wake unashuka sawa na mwenye pombe ya 0.05 kwenye damu. Hutamruhusu huyo aendeshe gari, sasa kwa nini unampeleka kwenye pepa?

#8 KaraniWaMaktaba
@TabibuMtarajiwa hoja yako ni nzuri ila namba umezichanganya. 0.05 ni masaa 17 macho. Masaa 24 ni karibu 0.10. Maana yake hali ni mbaya kuliko ulivyoandika, aliyeamka saa kumi na mbili asubuhi akafika saa tano usiku tayari yuko kwenye hiyo 0.05, na bado anajiambia usiku ndo umeanza.

#9 TabibuMtarajiwa
Asante mkuu, ni kweli, 17.

#10 UsikuMnene
Mnatutisha bure. Kuna watu usiku ndo akili inafunguka. Mimi mchana hosteli ni kelele, huyu anapiga muziki, yule anagonga mlango anaomba chaja, wa chumba cha tatu wanagombania ndoo. Saa saba usiku pako kimya na nikisoma masaa mawili ya hapo yanazidi mchana mzima. Sio sifa, ni mazingira. Jengeni maktaba za kutosha alafu ndo mtuhubirie usingizi.

#11 MamaPacha
@UsikuMnene hilo la mazingira ulilosema ni zito kuliko wanavyolichukulia. Mimi nasoma nina watoto wawili. Jioni yote si yangu, nafungua laptopu wakishalala. Wenzangu wa grupu wanapanga diskasheni saa mbili usiku, wanasema "ni muda mzuri kila mtu yupo huru". Kila mtu yupi? Nikisema siwezi naonekana simo. Naomba wanaopanga ratiba za grupu muulize kwanza mtu anaishi vipi. Kwangu hizo wiki za mwisho hazina sherehe wala fainali na bado zinaniumiza, kwaiyo mleta mada hapo kwenye starehe mimi unaniacha nje.

#12 DadaPembetatu
Pole sana dada yangu, na umesema kweli, sikusudii kwamba wote tuna maisha ya hosteli. Wewe una semesta mbili kwa wakati mmoja, ya chuo na ya nyumbani.

#13 MwalimuWaZamu
Salamu kwenu. Mimi nafundisha chuo, naomba niseme upande wetu bila kujitetea kupita kiasi. Testi haiwezi kuja kabla mada hazijafundishwa za kutosha, hilo BintTakwimu amelisema. Ambalo hamlioni ni kwamba maksi za koziweki lazima ziwe zimefungwa kabla mtihani wa mwisho haujaanza. Kwaiyo testi ya pili nikiiweka mapema itapima mada nusu, nikiichelewesha sitapata muda wa kusahihisha. Darasa likiwa na wanafunzi mia mbili, karatasi moja ukiipa dakika tano tu, hiyo ni zaidi ya masaa 16 ya kusahihisha mfululizo, na mtu anafundisha kozi zaidi ya moja. Ile wiki mnayoichukia mara nyingi ndo wiki pekee iliyobaki. Na kweli kabisa, siijui kalenda ya mwenzangu wa idara nyingine. Mwanafunzi akichukua kozi za kuchagua nje ya idara, hakuna ofisi inayokaa na kuangalia wiki yake nzima inafananaje.

#14 KitiChaNyuma
Shikamoo mwalimu. Kwaiyo mleta mada kashinda kesi?

#15 MwalimuWaZamu
Marahaba. Kashinda nusu. Tarehe ya kukusanya nikiitoa mapema, nusu ya darasa wanaleta usiku wa mwisho ule ule. Nikisogeza mbele kwa wiki moja kwa kuwaonea huruma, wanaleta usiku wa mwisho wa tarehe mpya. Hiyo nayo mnielezee.

#16 ZimamotoDaima
Mwalimu hiyo ni mbinu yenye mantiki. Nikisoma wiki mbili kabla, siku ya pepa nusu imepotea, kwa nini nisome mara mbili? Ebbinghaus yule Mjerumani alishathibitisha kwamba siku moja tu ikipita umesahau asilimia 90. Zimamoto inasoma usiku, inaandika asubuhi, moto umezimwa. Nimefaulu hivyo kozi nyingi tu na sina sapu, yani mtihani wa kurudia, hata moja.

#17 KaraniWaMaktaba
Sio 90. Ebbinghaus kitabu chake ni cha 1885 na mtu aliyepimwa alikuwa yeye mwenyewe peke yake, akikariri silabi zisizo na maana yoyote. Baada ya siku moja kilichobaki kilikuwa karibu theluthi, yani kilichopotea ni kama theluthi mbili. Na mada unayoielewa haipotei kwa kasi ya silabi zisizo na maana. Ila jamaa huyo huyo aliona pia kwamba kurudia kidogo kidogo kwa siku tofauti kunashinda kurundika siku moja, hiyo sehemu watu wa zimamoto huwa hawaitaji.

#18 ZimamotoDaima
Nahitaji matokeo mkuu, matokeo ninayo.

#19 BintTakwimu
Na matokeo yako hayapingani na utafiti, tatizo ni muda unaopima. Roediger na Karpicke 2006, Marekani. Wanafunzi walisoma makala fupi, wengine wakairudia kuisoma, wengine wakafunika karatasi wakaandika wanachokumbuka. Wakipimwa baada ya dakika tano, waliorudia kusoma waliongoza, asilimia 81 kwa 75. Wakipimwa baada ya wiki moja ikageuka, waliojipima wenyewe walibaki na 56, waliorudia kusoma 42. Kwaiyo zimamoto inakufikisha kesho asubuhi kweli. Semesta inayofuata kozi inayojengwa juu ya hiyo ukiingia ndo utajua umebaki na nini.

#20 FundiUmeme3
Hapo umenigusa. Uhandisi ndo hivyo, hesabu ya mwaka wa kwanza inarudi mwaka wa pili imevaa koti lingine, ya mwaka wa pili inarudi kwenye saketi, na mwalimu anasema "hii mnaijua" anapita. Sisi tunachofanya ni kupeana maswali, kila mtu kwenye grupu analeta maswali mawili bila majibu, tunabadilishana, ukikwama ndo unafungua madesa, yani notisi. Muda ni ule ule tu ila ukitoka hapo unajua usichokijua.

#21 UsikuMnene
Grupu za kwenu zinafanya kazi? Za kwetu watu saba, jina saba kwenye jalada, kazi kafanya mmoja na wa pili kachapa.

#22 FundiUmeme3
Ndo mana sisi tuko watatu. Kuna Mfaransa Ringelmann, matokeo yake yalitoka 1913, aliwavutisha watu kamba akaona kadiri wanavyoongezeka kila mmoja anavuta pungufu ya anavyovuta akiwa peke yake. Saba ni wengi mno kwa asaimenti.

#23 MamaPacha
Na kwenye hao saba mnaowalaumu kuna ambaye hakuambiwa muda wa kikao. Nimeshasema.

#24 NyotaYaKorido
Jamani turudi kwenye ile sehemu ya pili ya mada, mmeikimbia. Kwa nini na mambo ya watu yanaangukia hapo hapo? Mimi nimekuwa kiongozi wa klabu na jibu naliona kirahisi, kila chama kina uongozi unaoisha na semesta na pesa inayotakiwa itumike kabla ya kufunga. Mwanzoni mwa semesta watu hawajarudi wote, wengine wanahangaika na usajili, ukiitisha kitu wanakuja kumi. Ukingoja sana watu wamefunga wamesafiri. Unabaki na dirisha lile lile analolitaka mwalimu. Hakuna mchawi.

#25 BubuHanaSapu
Mimi naona tofauti. Watu wanaogopa. Mwoga hataki kukaa peke yake. Ndo mana wiki ya mitihani korido zinajaa, watu wanasomea kwenye ngazi, mtu anakuja chumbani kwako na daftari hata hamsomi kozi moja, anataka tu awepo mtu.

#26 BintTakwimu
@BubuHanaSapu hiyo ina ushahidi wake. Stanley Schachter, 1959. Aliwaambia wasichana wa chuo kwamba watapigwa shoti ya umeme kwenye jaribio, kundi moja likaambiwa inauma sana, jingine likaambiwa ni mtekenyo tu, alafu akawauliza mngependa kusubiri peke yenu au na wenzenu. Walioogopeshwa wengi zaidi walitaka wenzao. Na kwenye jaribio lililofuata aliona hawakutaka mtu yeyote tu, walitaka anayesubiri shoti ile ile. Waliopewa nafasi ya kukaa na wanafunzi waliokuwa wanasubiri kuonana na walimu wao hawakuitaka. Shoti yenyewe haikupigwa, ilikuwa maneno tu.

#27 KitiChaNyuma
Kwaiyo yule anayekuja na daftari la kozi nyingine hafai kwa mujibu wa Schachter? Wote tunasubiri pepa, umeme ni mmoja.

#28 BubuHanaSapu
Pepa ni pepa. Anafaa.

#29 NyotaYaKorido
Na mahusiano je? Mana mleta mada kalitaja na naliona kila semesta. Rafiki yangu aliachwa kwa meseji asubuhi ya mtihani, akaingia, akaandika jina, akakaa nusu saa anaangalia karatasi. Alifanya, alimaliza, lakini kile kitendo mimi sijakisamehe mpaka leo na hata sikuachwa mimi. Kama mna roho ya kuachana subirini watu wamalize pepa.

#30 MsuliWaAlfajiri
Hilo naliunga mkono kwa asilimia zote. Ila sababu ni hiyo hiyo ya ratiba: mtu mmoja ana testi nne, hajibu meseji siku mbili, mwenzake ana wiki nyepesi anahesabu kila saa ya ukimya. Wakiwa wote wamebanwa au wote huru wasingegombana. Wiki zikipishana ndo shida inaanza.

#31 DadaPembetatu
@MsuliWaAlfajiri wewe si ndo ulisema ratiba haina kosa? 😂 Karibu upande huu.

#32 MsuliWaAlfajiri
Nimesema haina kosa kwenye asaimenti. Mapenzi sikuyagusa.

#33 TabibuMtarajiwa
Niongeze kidogo kwa faida ya wanaokunywa kahawa saa tano usiku. Kafeini inakaa kwenye seli mahali ambapo ingekaa adenosini, ile kemikali inayorundikana ukiwa macho na kukufanya usinzie. Uchovu haujaondoka, umezuiwa tu usiusikie. Na kwa mtu mzima wa kawaida nusu yake inachukua kama masaa matano kutoka mwilini, kwaiyo ya saa tano usiku saa kumi alfajiri nusu bado unayo. Unalala lakini usingizi ni mwepesi. Mwenye pepa asubuhi aiache jioni.

#34 UsikuMnene
Hiyo nimeipokea daktari. Ya kelele za hosteli bado hamjanijibu.

#35 KaraniWaMaktaba
Kuna upande mwingine hatujaugusa, kwamba huenda kazi yenyewe ni nyingi kwa hesabu, hata ungeipanga vipi. Vyuo vya Ulaya vinatumia mfumo wa krediti ambao mwaka mmoja ni krediti 60 na unakadiriwa kuwa masaa 1,500 hadi 1,800 ya kazi ya mwanafunzi, darasani na nje ya darasa. Gawa kwa wiki 40, unapata kama masaa 37 hadi 45 kwa wiki. Hiyo ni ajira kamili. Sasa mwanafunzi wiki za mwanzo akifanya masaa 20, yale 20 mengine hayafutiki, yanasogea mbele. Kwaiyo MsuliWaAlfajiri na DadaPembetatu wote wana haki kwa wakati mmoja, deni linatengenezwa na mwanafunzi, tarehe ya kudai inapangwa na chuo.

#36 MwalimuWaZamu
Hii ya #35 nimeipenda. Idara yetu tulishawahi kuzungumza kuwe na kalenda moja ya testi inayoonekana na walimu wote, mtu akitaka kuweka testi aone wiki hiyo wanafunzi hao wana ngapi tayari. Ikakwama pale pale, nani ampishe nani.

#37 BintTakwimu
Anayechelewa kujaza ndo apishe. Kalenda ifunguliwe wiki ya kwanza, mwalimu akichelewa asikute nafasi wiki ya kumi na mbili.

#38 MwalimuWaZamu
Utawaambia wewe hao maprofesa? 🙂

#39 MsomiWaMbali
Samahani naingia kwa kuchelewa, nimesoma uzi wote. Mimi nasoma kwa masafa. Sina hosteli, sina korido, sina fainali wala sherehe ya kuaga mtu, na kozi zetu zote zinafunguliwa siku moja na kufungwa siku moja, katikati unajipangia. Hakuna mwalimu wa kugombania wiki na mwenzake. Na bado ukiangalia jukwaa letu la kozi, miezi ya mwanzo kimya, wiki mbili za mwisho linawaka moto usiku kucha. Sasa hapo mtasema ni ratiba?

#40 MsuliWaAlfajiri
Asante! Funga uzi.

#41 DadaPembetatu
Usifunge. @MsomiWaMbali hao wa jukwaani wanafanya kazi au hawafanyi?

#42 MsomiWaMbali
Karibu wote wanafanya kazi, na wengi wana familia kama MamaPacha. Likizo ya kazini wanaiombea wiki hizo za mwisho, ndo mana.

#43 DadaPembetatu
Basi na wao ratiba yao iko kwa mwajiri. Naendelea kubaki pale pale.

#44 BintTakwimu
Au wanaombea likizo mwishoni kwa sababu wanajua wataiacha kazi mpaka mwishoni. Zote mbili zinatoa picha ile ile, kwa data hii huwezi kuzitenganisha. @MsomiWaMbali yupo hata mmoja anayemaliza mapema?

#45 MsomiWaMbali
Yupo mmoja, ni nesi wa zamu za usiku. Anakusanya kila kitu mwezi wa pili wa semesta. Nilimuuliza anawezaje akasema zamu zake anapewa za mwezi mmoja tu, wa baadaye haujui, kwaiyo anafanya leo ambapo anajua yuko huru.

#46 MamaPacha
Huyo namwelewa kabisa. Mwambie namsalimia.